JIT haiharakishi kila ulizo

Wasomaji, mmeshawasikia wanaotaka JIT (kutafsiri sehemu za ulizo kuwa msimbo wa mashine wakati linapoendeshwa) iachwe ikiwaka kwenye kila seva ya PostgreSQL. Sasa zipimeni hoja zao.

Wanasema msimbo wa mashine hukimbia kuliko kufasiri hatua kwa hatua, kwa hiyo ulizo lote litakwenda kasi. La kwanza ni kweli, la pili halitokani nalo. Tangu toleo la 11, mwaka 2018, PostgreSQL hutafsiri mambo mawili tu: ukokotoaji wa semi, kama masharti ya kuchuja, na kuichambua rekodi kuwa safuwima. Ulizo linalosubiri diski litaendelea kusubiri.

Humleta mtafiti wa hifadhidata Thomas Neumann na mfumo wake wa HyPer wa 2011 kama shahidi. Lakini HyPer ilitunza data kwenye kumbukumbu na kutafsiri ulizo zima. Isitoshe, mwaka 2018 Neumann huyo huyo alishiriki utafiti uliolinganisha njia hiyo na kuchakata data kwa mafungu, na hakuna iliyoshinda kila mahali.

Hoja yao nzito ni kizingiti: JIT haiamki mpaka makadirio ya gharama yapite 100,000, hivyo maulizo madogo yako salama. Hapa ndipo wanapojikwaa. Kizingiti hupima gharama ya mpango mzima, hakihesabu semi ngapi zitatafsiriwa. Chukua jedwali lililogawanywa vipande mia tatu. Gharama za vipande hujumlishwa na kuvuka kizingiti, kisha kila kipande huleta semi zake za kutafsiriwa, hata kama rekodi zitakazosomwa ni chache. Takwimu za jedwali zikiwa zimepitwa na wakati, makadirio yenyewe hupotoka. Mlinzi anayetegemea kisio hawezi kuitwa dhamana.

Eti gharama ya kutafsiri hulipwa mara moja ukiliandaa ulizo kwa amri ya PREPARE? Hapana. Msimbo uliotafsiriwa hauhifadhiwi. Ulizo likirudiwa mara elfu, hutafsiriwa mara elfu. Na likigawanywa kwa michakato sambamba, kila mchakato hutafsiri nakala yake.

JIT ina mahali pake: ripoti ndefu zinazokokotoa mamilioni ya rekodi zilizokwisha kuwa kwenye kumbukumbu. Huko iwasheni kwa kikao husika, SET jit = on. Kwenye seva ya miamala mifupi, endesheni EXPLAIN ANALYZE na msome sehemu ya JIT mwishoni. Muda wa kutafsiri ukizidi muda uliookolewa, izimeni leo.