Hakukata Tamaa, Alikufa

Wadau, leo nina hasira.

Jana usiku tulijibana watu sita kwenye laptop moja tukaangalia Society of the Snow, filamu ya J. A. Bayona ya mwaka 2023 kuhusu ndege ya Uruguay iliyoanguka milima ya Andes. Ilipoisha tu, jamaa mmoja akajinyoosha akasema: "Mmeona? Ukiamua kupona, unapona. Waliokufa walikata tamaa." Wengine wakaitikia kama wako ibadani.

Mimi nakataa. Tena nakataa kwa hesabu.

Ndege ile ilianguka tarehe 13 Oktoba 1972 ikiwa na watu 45, wakiwemo wachezaji wa raga, ndugu na marafiki zao, wengi vijana wa rika letu. Baada ya siku 72 waliotoka hai ni 16. Usiku wa tarehe 29 Oktoba theluji iliporomoka ikawafukia ndani ya mabaki ya ndege walimojilaza. Wakafa 8. Hebu niambieni, aliyefukiwa amelala alikata tamaa saa ngapi?

Halafu kuna Numa Turcatti, ambaye ndiye anayetusimulia filamu nzima. Alitoka na wenzake kutafuta njia kwenye baridi ile. Jeraha la mguu likamwozea, akafa tarehe 11 Desemba. Kesho yake Parrado, Canessa na Vizintín wakaanza kupanda mlima. Vizintín akarudi ili chakula kiwatoshe wawili, nao wakatembea mpaka wakamkuta mchungaji wa Chile, Sergio Catalán. Helikopta zikafika tarehe 22. Siku 11 tu, jamani!

Na chakula chenyewe kilikuwa nini? Miili ya wenzao. Walikuwa wameahidiana wakiwa hai: nikifa mimi, nitumieni. Kwa hiyo nguvu iliyovuka ule mlima ilitoka kwa hao hao mnaosema walikata tamaa.

Sibishi kwamba nia ni muhimu. Parrado na Canessa walikuwa na nia ya ajabu. Lakini nia walikuwa nayo wengi, waliopona ni 16.

Kwa nini yananiuma? Kwa sababu ndivyo tunavyosemana hapa chuoni. Semista iliyopita mwenzetu mmoja alidisco. Boom lilimchelewa, akawa anabebwa leo chumba hiki kesho kile, analala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi tatu, anashindia chai. Alipofunga begi tukasema hakupiga msuli. Na mimi nilisema. Wakati desa nililosomea mpaka nikafaulu lile somo lilikuwa lake, kwa mwandiko wake!

Sisi ni walimu watarajiwa, wadau. Kesho utasimama mbele ya darasa lililojaa, kuna mtoto amefeli kwa sababu hajala tangu jana. Utamwambia alikata tamaa?

Kwenye filamu, kila anayekufa jina lake na umri wake vinaandikwa kwenye skrini. Kama ulikuwa unachezea simu, rudia. Mimi nimemtafuta yule mwenzetu leo asubuhi, nikamwomba radhi. Alicheka tu, akaniuliza desa lake nitamrudishia lini.

Anayepinga aje chumbani tubishane. Chai ipo, sukari aje nayo.