Mikebe Haipangi Kabati

Siku hizi imeenea imani kwamba anayetaka kabati la jikoni lipangike Kijapani aanzie dukani: mikebe inayoonyesha kilichomo, yote ya kimo kimoja, na lebo zenye mwandiko wa madaha. Picha zake zinavutia, sikatai. Lakini anayefuata mpango huo anachukua sura ya Japani na kuuacha ujuzi wake. Marie Kondo mwenyewe, Mjapani aliyebobea katika kupanga nyumba, katika kitabu kilichompa umaarufu duniani baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, anawaonya wasomaji wasikimbilie vyombo vya kuhifadhia. Utoe kwanza usivyovihitaji, kisha maboksi ya viatu uliyonayo yatakutosha. (Mwaka 2019 alifungua duka la mtandaoni la vitu vya nyumbani. Biashara ni biashara.)

Ushahidi wa karibu zaidi uko katika hospitali za Tanzania. Tangu 2007, kwa kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, wahudumu wa afya wamekuwa wakifundishwa 5S, mbinu iliyokomaa katika viwanda vya Japani, kwa maagizo matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kununua hakumo. Unaanza kwa kutenganisha kinachotumika na kisichotumika, ndipo ukipe kila kitu mahali pake kulingana na jinsi kinavyotumika. Sasa peleka hayo kwenye kabati ambamo sufuria zimepandana na mifuniko imelazwa juu yake. Ukitaka sufuria ya chini, lazima uinue zote, na mfuniko mmoja hautakosa kuanguka. Ile mifuniko isimamishwe wima kama vitabu, ikitenganishwa kwa vipande vya mbao, na ukivuta mmoja mingine haitikisiki. Sufuria kubwa ya pilau ya shughuli ipande rafu ya juu kabisa. Ya ugali ikae usawa wa mkono. Droo nyingi za majiko ya Kijapani zimejengwa kwa hesabu hiyo hiyo: uchukue kitu bila kuhamisha kingine. Hadi hapo hujatoa hata shilingi.

Wapo watakaosema huku kwetu kuna fukusi na mende, na Pwani hewa yenyewe inalowesha chumvi. Hoja hiyo ni nzito, na unga au maharage kweli yanataka chombo kinachobana. Ila kinachozuia mdudu ni mfuniko. Kopo la maziwa ya unga lililooshwa na kukaushwa vizuri linafanya kazi ile ile. Uwazi wenyewe una hasara, kwani mwanga hupausha binzari na pilipili ya unga. Wajapani wa zamani waliweka mchele katika masanduku ya mbao ya mti wa kiri, na hakuna aliyeona kilichomo mpaka afunue. Isitoshe, ukimimina unga mkebeni na kutupa pakiti, tarehe ya mwisho wa matumizi imekwenda nayo. Ukija kujazia mpya juu ya ule wa zamani, wa chini unabaki miezi, na fukusi waliomo umewaongezea posho. Wengine watajitetea kwamba uzuri huwatia hamu ya kupanga. Huenda, kwa wiki za mwanzo. Kisha zinanunuliwa choroko kilo mbili kwa sababu bei imeshuka, mkebe unachukua moja, na ile nyingine inafungwa kwenye mfuko na kusukumwa nyuma ya safu ya mikebe, isionekane.