Kupima tumbo la Mwezi pasipo kuchimba

Leo ninajibu ulizo la kijana mmoja anayeshuka katika mashimo kila siku. Alisikia mutu akisema kwamba wenye elimu wanajua ganda la Mwezi iko na unene gani. Akaniuliza: “Pasteri, walichimba lini? Siye tunachimba metre ishirini tu, na hatujui metre ya ishirini na moja iko nini.”

Ulizo lake ni zuri. Jibu ni hili: hawakuchimba. Walipima uzito. (Ninaandika Mwezi na herufi kubwa nikisema ule wa juu, usiuchanganye na mwezi wa mushahara.)

Kila kitu kizito kinavuta vingine. Dunia inatuvuta, njo maana jiwe ukiliachilia linaanguka. Mwezi pia unavuta, lakini nguvu yake ni kama sehemu moja ya sita ya ile ya dunia. Sasa sikiliza vizuri: kama chini ya pahali fulani mawe ni mazito, pale unavuta zaidi kidogo, kama mawe ni mepesi, unavuta kidogo chini yake. Chombo kinachopita juu kitakimbia au kitachelewa kufuatana na ile nguvu. Basi, ukijua mwendo wa chombo, unajua uzito wa mawe chini yake.

Jambo hili walilijua kwa mashaka. Katika mwaka 1966 na 1967 Marekani ilituma vyombo vitano, Lunar Orbiter, vizunguke Mwezi na kupiga picha pahali watu watashukia. Lakini vile vyombo havikufuata njia sawa vile hesabu ilivyosema. Mwaka 1968 Paul Muller na William Sjogren, waliofanya kazi kule California, wakaonyesha sababu. Chombo kilipopita juu ya yale madoa meusi tunayoyaona kwa macho usiku wa Mwezi mzima, kilivutwa kwa nguvu. Ajabu! Yale madoa ni mabonde makubwa, mashimo yaliyopigwa na mawe kutoka angani zamani sana. Nani angewaza kwamba shimo litavuta kuliko kilima? Lakini njo vile. Pigo lilipopasua ganda, mawe mazito ya chini yakapanda juu, na nyuma yake mawe ya moto yakamiminika na kujaza bonde.

Haikuwa jambo la vitabu tu, kwa maana watu walikuwa wanakwenda kule. Mwezi wa nne 1972 watu wa Apollo 16 waliacha chombo kidogo kizunguke Mwezi. Mwenzake, aliyeachwa na Apollo 15 mwaka uliotangulia, alizunguka zaidi ya mwaka. Huyu wa pili njia yake ilivutwa huku na huku, mara chini, mara juu, na kisha siku 35 akapiga chini. Hakuna aliyekuwa ndani, asante Mungu.

Kulibaki shida moja kubwa. Mwezi unatuonyesha uso mmoja tu. Chombo kikienda nyuma, radio ya duniani haikisikii tena, hata usipime mwendo wake. Wajapani walisaidia mwaka 2007 na chombo chao Kaguya, kilichokuwa na mwenzake wa kupitisha sauti. Lakini kazi yenyewe ilikamilika na vyombo viwili vya Marekani vya GRAIL, chini ya mama mmoja mwenye elimu nyingi, Maria Zuber. Vilirushwa tarehe 10 mwezi wa 9, 2011. Watoto wa shule moja ya Bozeman, katika Montana, ndio waliovipa majina: Ebb na Flow, maana yake maji ya bahari yakishuka na yakipanda, kwa sababu Mwezi njo unayavuta.

Waza motokari mbili zikifuatana usiku. Ya mbele ikifika kwenye muteremko inakimbia, nafasi katikati yao inaongezeka. Ya nyuma ikifika pale, nayo inakimbia, nafasi inapungua. Vile vyombo vilifanya hivyo. Kimoja mbele, kingine nyuma, vikitumiana mawimbi ya radio na kupima nafasi kati yao, mbele na nyuma ya Mwezi. Walipima mabadiliko ya maikroni moja, yaani milimeta moja ukiigawanya mara elfu. Unywele wako ni munene kuliko hapo mara nyingi!

Na walipata nini? Kwamba ganda la Mwezi lina unene wa kati wa kilometa 34 hadi 43, chini ya walivyowaza mbele. Tena limevunjika-vunjika: katika sehemu za juu, karibu 12 kwa mia ya ganda ni nyufa na nafasi wazi.

Hapa vijana wa mashimo munisikilize. Uzito peke yake hausemi yote. Kitu kidogo kizito kilicho karibu, na kitu kikubwa kilicho chini sana, vyaweza kuvuta karibu sawasawa. Kwa hiyo Maria Zuber na wenzake walilinganisha hesabu zao na vipimo vya urefu wa milima, na mawe yaliyoletwa na Apollo, na mashini zilizosikiliza mitetemeko kule Mwezini tangu 1969 hadi 1977. Mafundi wa jeolojia katika migodi nao wanapima uzito wa udongo vile vile, lakini nyuma yake wanatoboa kwa mashini na kuleta jiwe mkononi. Basi mutu akikuletea karatasi yenye rangi nyekundu na buluu, akisema “shaba iko hapa, toa feza,” umuulize: mulitoboa wapi? Jiwe liko wapi? Nimeona jamaa lililotoa falanga za masomo ya watoto kwa karatasi kama ile, na lile shimo lilitoa maji tu.

Ebb na Flow walimaliza mafuta yao. Tarehe 17 mwezi wa 12, 2012 waliongozwa kwa kusudi wagonge kilima karibu na ncha ya kaskazini ya Mwezi, mmoja nyuma ya mwingine, sekunde 30 kati yao. Lakini hesabu zao bado zinasomwa. Mwaka 2025 Ryan Park na wenzake walionyesha kutokana nazo kwamba upande wa Mwezi unaotuelekea, chini ndani, una joto kuliko ule wa nyuma, digrii 100 hadi 200 zaidi. Na ule upande njo wenye madoa meusi mengi.