Land Rover ya zamani: fedha ianzie kwenye breki
Kwa mfanyabiashara wa Mkolani mwenye Land Rover 109 iliyolala nyuma ya nyumba, kuifufua si wazo baya. Bodi ya alumini haishiki kutu, na ushuru wa uchakavu umeyafanya magari makuukuu kutoka nje kuwa ghali. Tatizo ni mpangilio wa matumizi.

Wengi hukimbilia injini. Ile ya petroli ya lita 2.25 hutoa nguvu farasi 70 na ushee. Dizeli ya Toyota 1HZ, lita 4.2 na silinda 6, hutoa karibu 130. Kwenye karatasi ni faida tupu. Lakini gea boksi na eksilishafti zilitengenezwa kwa ile ndogo, na breki zake za viatu zilikusudiwa gari la mwendo wa pole.

Barabara nayo imebadilika. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, mwenye mzigo wa Sengerema au Geita hapozi tena kwenye foleni ya kivuko. Anapita moja kwa moja, tena kwa kasi. Gari likimbie kama la leo, lisimame kama la 1975? Hapo mzigo na mtaji vyote viko mtaroni.

Kwa hiyo bajeti ianzie kwenye breki za diski zenye busta, zifuate gea boksi, eksilishafti na difu. Injini ije mwisho, na namba yake ipelekwe TRA iingizwe kwenye kadi. Mnunuzi makini huilinganisha kabla hajataja bei.