Jukwaa Halimo Ndani ya Simu

Imeenea siku hizi, katika vikao vya wazazi na katika ofisi za walimu, na hata vinywani mwa watu ambao kwa elimu yao tungetaraji wapime kabla ya kunena, itikadi moja ambayo kwa wepesi wa kusemeka kwake haiulizwi tena: kwamba kijana wa Njombe au wa Makambako atakaye kujifunza sanaa za maonyesho, maadamu ana simu janja mkononi na bando ndani yake, hakupungukiwa na kitu, kwa kuwa michezo ya dunia nzima imo mtandaoni, waigizaji mashuhuri wamo, mafunzo ya sauti na ya mwili yamo, na kilichobaki ni bidii yake mwenyewe. Husemwa hivyo kwa sauti ya faraja, kana kwamba dhuluma ya kale, ile ya kuzaliwa zaidi ya kilomita 600 kutoka Bagamoyo na Dar es Salaam, imefutwa siku uliposimikwa mnara wa simu. Mimi nasema itikadi hiyo ni batili. Na tena nasema kwamba imedumu si kwa sababu ina ukweli, bali kwa sababu wapo inaowafaa.

Sina ugomvi na video zenyewe. Jumba la National Theatre la London lilianza mwaka 2009 kurusha michezo yake katika majumba ya sinema, na mwaka 2020, Uviko ulipofunga milango ya kumbi zote, likaweka baadhi ya michezo hiyo mtandaoni bila malipo, hata mtu wa Makambako aliyekuwa na bando la kutosha akaweza kuketi kitandani kwake akatazama kazi ambayo baba yake hakupata hata kuisikia. Neema hiyo si haba. Walakini kuonyeshwa si kufundishwa, na mtu aliyetazama kazi iliyokwisha kukamilika aghalabu hakuyaona yale yaliyoikamilisha: wiki za mazoezi, mwigizaji alipokosea akarudishwa mwanzo, na mwongozaji alipolitupa wazo lake zuri kwa kuwa miili ya watu haikulikubali.

Aidha, hicho alichokitazama alikwisha kuchaguliwa. Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ambayo kwa watu wa Njombe haipasi kuwa hadithi ya Umatumbi peke yake, kwa sababu vita vya Maji Maji vilifika hadi mlangoni pao, na mnamo Septemba 1905 misheni ya Kilutheri ya Yakobi, isiyo mbali na mji wa leo, ilishambuliwa na wapiganaji wa vita hivyo. Katika tamthilia ile Kinjeketile anavutwa majini na mzimu Hongo, na watu wanabaki ukingoni wakingoja, hawajui kama walie au watumaini. Mtu aliyeketi mbele ya jukwaa ana hiari kamili wakati huo: amtazame mke wa Kinjeketile, au Kitunda, au mzee yule wa pembeni asiye na neno hata moja ambaye mkono wake umeanza kutetemeka, na hiari hiyo, ya kila mtazamaji kwa wakati mmoja, ndiyo inayoufanya umati wa jukwaani uwe umati. Kamera haina subira hiyo. Hukata, husogea, huukaza uso mmoja hadi ukajaa kioo chote, na wale wengine waliokuwa wakiigiza kwa kunyamaza, kazi ambayo ni ngumu kuliko kusema, hutupwa nje ya picha. Mwanafunzi ajifunzaye kwa video peke yake hujifunza kazi ya mhariri wa picha, ilhali anadhani anajifunza kazi ya mwigizaji.

Taathira ya jambo hili nimeiona kwa macho yangu. Katika shule moja ya Makambako vijana wa kidato cha tatu walikuwa wameandaa sehemu ya Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ile ya Edwin Semzaba, na aliyeshika nafasi ya Ngoswe mwenyewe, kijana hodari ambaye kipaji chake hakina shaka, alikuwa amejifunza uigizaji wake wote kwa simu. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Kila ilipofika hoja nzito aliinua unyusi mmoja, akapunguza sauti, akakaza taya, akaachia pumzi kidogo puani, kama afanyavyo mwigizaji wa filamu ajuaye kwamba kipaza sauti kimefichwa ndani ya shati lake na kamera iko shibiri moja kutoka shavuni. Na sisi wa nyuma tukabaki kumwona mtu aliyesimama wima bila kufanya jambo lolote. Kisha mvua ikaanza. Asiyeijua mvua ya nyanda zile juu ya paa la bati hawezi kuambiwa akaelewa. Huanza kama changarawe na baada ya dakika moja hakuna neno la kawaida linalopita. Ngoswe akaendelea kunong'ona. Lakini yule aliyeigiza Mzee Mitomingi, kijana mfupi ambaye hapo kabla sikumtilia maanani, akapiga hatua mbili mbele pasipo kuagizwa, akaugeuza uso kwa watu, akavuta pumzi kutoka tumboni, na neno lake likapita juu ya bati, juu ya mvua, hata darasa zima likaangua kicheko. Niliambiwa baadaye kwamba wakati wa likizo huuza karanga na maji madirishani mwa mabasi.

Sikustaajabu. Stendi ya Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, ni mahali ambapo mchuuzi ana muda mchache mno kabla basi halijaondoka, na katika muda huo hana budi kushinda kelele za injini, kumtambua abiria mmoja aliyekwisha kutia mkono mfukoni, kumwacha yule asiye na nia, na kubadili maneno yake katikati ya sentensi anapoona hayapokewi. Mpiga debe wa hapo ajua kuitunza sauti yake tangu alfajiri mpaka usiku, jambo ambalo vyuo hufundisha kwa miaka. Sidai kwamba stendi ni chuo. Nadai tu kwamba kijana yule wa Mitomingi alikuwa na mwalimu mwenye mwili na masikio, aliyekuwa akimkatalia na kumkubalia papo hapo, na Ngoswe wetu hakuwa naye.

Wapo watakaosema kwamba kasoro ni ya lugha, kwamba tusubiri video za Kiswahili ziongezeke. Basi tuitazame ile iliyo miongoni mwa bora. Mwaka 2012 jumba la Shakespeare's Globe la London lilikaribisha tamthilia za Shakespeare kwa lugha mbalimbali za dunia, na Kiswahili kikaletwa na kundi la Bitter Pill kutoka Kenya, lililocheza Wanawake wa Heri wa Windsor, na Mtanzania mwenzetu Mrisho Mpoto akawa ndiye Falstaff. Onyesho lile lilirekodiwa, na atakayelipata na alitazame, kwa kuwa ni kazi ya murua na ya kufurahisha. Lakini asikilize kicheko. Kicheko kile ni cha London, cha hadhira ambayo wengi wake hawakukijua Kiswahili na walifuata kisa kwa muhtasari ulioonyeshwa kando ya jukwaa, na si ajabu basi mwili wa Falstaff ukawafikia kabla ya neno lake. Mwigizaji mwenye akili huwapa watu kile wanachokipokea. Laiti watu wale wale wangeucheza mchezo ule ule Njombe mjini, mbele ya akina mama waliotoka sokoni, wanaosalimiana kwa kamwene na kuyapima maneno ya mwanamume mwenye ahadi nyingi kwa mizani yao wenyewe, nina yakini kwamba mahali pa kucheka pangehama, na ungekuwa mchezo mwingine. Huo haukurekodiwa, kwa sababu haukuchezwa.

Na mwanafunzi akiandika mtandaoni jina la tamthilia ya kitabu teule, aghalabu haletewi mchezo. Huletewa mtu amesimama mbele ya ubao mweupe akisoma dhamira, ujumbe, wahusika na mandhari kwa kasi ya mtihani. Wachambuzi hao siwalaumu, wanakidhi haja iliyopo. Ila tusiseme kwamba hilo ni jukwaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo shina. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 uliwakuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wakiishi na virusi vya Ukimwi, kiwango kilichoupita mkoa wowote mwingine nchini. Ule wa 2016-17 ukakuta asilimia 11.4, na Njombe ikawa bado ni ya kwanza. Watu hawa wamehubiriwa kwa mabango, kwa redio, kwa vipeperushi, na watoto wao wamesoma tamthilia ya Kilio Chetu darasani. Lakini pako mahali ambapo bango halifiki napo sanaa shirikishi hufika: pale mchezo unaposimamishwa katikati, mraghbishi akawageukia watu na kuwauliza kama mambo ndivyo yalivyo, na mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma na kikapu chake cha viazi akasema la, mume wa namna hiyo haogopi ugonjwa, anaogopa kuonekana kwenye foleni ya zahanati, na waigizaji, ambao hawakuliandaa jibu hilo, wakalazimika kulicheza hapo hapo. Elimu yote ya fani hii imo katika dakika hiyo. Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda Malya, wilayani Kwimba, mapema katika miaka ya 1980, hawakubeba mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza, wakakuta kwamba mimba za wasichana ndizo zilizokuwa zikiwaumiza, na mchezo ukatoka humo, pamoja na ngoma za mahali pale na mijadala isiyojulikana ingeishia wapi. Mtu aweza kurekodi kikao cha namna hiyo kwa kamera kumi. Atakayeitazama rekodi ile hataulizwa kitu, wala akijibu hakuna atakayemsikia.

Nilisema kwamba itikadi hii ina watu inaowafaa. Wauza bando wanafaidi, lakini hao ni wafanyabiashara na hawakutuahidi elimu. Namkusudia yule ambaye ni wajibu wake kuajiri mwalimu, kuufungua ukumbi uliogeuzwa stoo ya viti vibovu, na kutenga fungu dogo la safari, naye akiulizwa hujibu kwamba vijana wa siku hizi wana kila kitu kiganjani. Somo la Sanaa za Maonyesho limo katika mitihani ya taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kipo tangu mwaka 1981, tangu 2007 kikiitwa TaSUBa, na hata jumba lake la maonyesho lilipoungua mwaka 2002 hakikuwaambia wanafunzi wake warudi nyumbani wakatazame picha. Wahitimu wake wapo, na wengine kati yao wangekuja Makambako kwa nauli, chumba na posho ya muhula mmoja. Hilo ndilo ambalo simu janja imeturuhusu tusilipangie hesabu.

Wala asije mtu akasema kwamba huku kwetu hakuna desturi ya kutazama. Ingia katika usharika wowote mkesha wa Krismasi, uone jinsi watu wanavyobanana hadi madirishani ili wawatazame wachungaji wa Bethlehemu waliojitanda mablanketi ya bweni, na jinsi Herode anavyozomewa na watoto mpaka anasahau maneno yake. Hadhira ipo, tena ni kali.

Video nitaikubali mahali pamoja, napo ni baada ya onyesho, si badala yake. Kundi likisha kucheza sokoni au darasani, na mmoja wao amerekodi kwa simu iliyowekwa juu ya meza bila kusogezwa, mbali kiasi cha kuwaona wote na watu walioketi mbele yao, na wakae na mwalimu wao waitazame, mwalimu aisimamishe na kusema: hapa ulitupa mgongo, hapa walikuwa bado wakicheka nawe hukuwangoja, hapa yule mama aliondoka, tazama ulikuwa unasema nini alipoinuka. Kazi hiyo haihitaji hata chembe ya bando. Inahitaji mwalimu, na huyo ndiye ambaye Njombe na Makambako hawajaletewa.