Maana Si Mawaidha

Ukipoteza kazi hapa Kenya, kila mtu anageuka mhubiri. "Tafuta kusudi la maisha yako," wanakuambia, ati ukilipata utatulia. Mimi nilitarmaki miezi 14, na kila nilipoyasikia maneno hayo nilitamani kuuliza: kusudi linauzwa duka gani?

Wahubiri hao hupenda kumtaja Viktor Frankl, daktari wa akili aliyenusurika Auschwitz. Wanachosahau ni kwamba kabla ya vita, uchumi ulipodorora miaka ya 1930, aliwashughulikia vijana wa Vienna waliokosa kazi. Walikuwa wakijiambia: sina kazi, basi sina faida, sina faida, basi maisha yangu hayana maana. Aliwahimiza wajitolee kwenye maktaba na vyama vya vijana. Njaa ilibaki palepale, lakini unyonge ulipungua.

Nami yalinipata hayohayo. Jirani aliniomba nimsaidie bintiye hesabu. Kufikia Ijumaa watoto walikuwa sita sebuleni. Sikulipwa hata shilingi. Lakini saa kumi na moja jioni kulikuwa na watu wananingoja, basi nikaoga, nikavaa shati, nikapitia hesabu zenyewe.

Kwa hivyo ukimwona mwenzako ameinama, usimhubirie. Mpe la kufanya, ajue anahitajika. Na nyinyi wenye kazi za kutoa, msijifiche nyuma ya Frankl: yeye mwenyewe alisema mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe. Ajirini watu, muwalipe. Maana haipiki ugali.