Sindano ya Ng'ombe Ndiyo Iliyoponya Nyumbu

Kwa miaka mingi tumesimuliwa hadithi moja: kwamba wanyama wa Serengeti waliokolewa na wageni, na aliyekuwa akiwamaliza ni Mwafrika na ng'ombe wake. Kwa hadithi hiyo, mwaka 1959 serikali ya kikoloni iliwatoa Wamasai katika nyanda za Serengeti, wakapelekwa upande wa Ngorongoro. Leo twaipima hadithi hiyo kwa mizani ya elimu, si kwa hasira.

Shahidi wetu ni Profesa Anthony Sinclair, mtaalamu wa maisha ya wanyama. Alianza kazi Serengeti katika miaka ya 1960, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, akichunguza nyati. Aliona jambo la ajabu. Nyati walikuwa wakiongezeka upesi, na nyumbu vivyo hivyo. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kuwa kama 250,000. Kufika mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja na robo. Ni nini kilichowazidisha?

Wengine walidhani ni mvua. Kweli mvua za kiangazi za miaka ya 1970 ziliwapatia majani zaidi. Lakini ongezeko lilianza kabla ya mvua hizo, na punda milia, walao majani katika nyanda zile zile, hawakuongezeka. Basi, tofauti yao ni nini? Nyumbu na nyati hucheua kama ng'ombe. Punda milia hacheui. Na upo ugonjwa uliokuwa ukiwaua wenye kucheua: sotoka.

Wazee wetu waliujua vema. Sotoka iliingia Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikaja na ng'ombe walioletwa na Wataliana upande wa Eritrea. Ikashuka kusini kama moto wa nyika. Ng'ombe wakaanguka, nyati na nyumbu wakaanguka, na wafugaji wakafa njaa. Wageni waliofika baadaye walikuta nyanda tupu, wakadhani ndivyo zilivyoumbwa. Na kwa miaka mingi baada ya hapo ndama wa nyumbu waliendelea kufa.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe waliozunguka Serengeti walichanjwa. Kufika katikati ya miaka ya 1960, damu ya nyumbu wachanga ilipopimwa haikuonyesha tena alama ya sotoka. Hakuna nyumbu aliyepigwa sindano! Ikajulikana kwamba wanyama wa porini hawakuwa chimbuko la ugonjwa. Waliupata kwa ng'ombe, na ng'ombe walipopona, nao wakapona. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa.

Sasa twauliza: ni nani aliyewaswaga ng'ombe hao, akawashika pembe wapate sindano? Ni mfugaji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wataalamu walitengeneza dawa, lakini bila mkono wa mfugaji dawa ingebaki chupani. Na ongezeko kubwa lilitokea baada ya Uhuru, chini ya taifa lililoahidi Arusha, Septemba 1961, kwa kinywa cha Mwalimu Nyerere, kuwatunza wanyama hawa.

Hatusemi kwamba mifugo haidhuru kitu. Ng'ombe wakizidi, nchi huchakaa. Nyumbu naye humdhuru ng'ombe: anapozaa, huacha ugonjwa majanini, na ndiyo sababu Wamasai huwaondoa ng'ombe katika nyanda fupi majira ya kuzaa. Hiyo nayo ni elimu ya wanyama, ingawa haikuandikwa Oxford. Wala hatumtetei jangili, aliyemaliza faru na tembo kwa ajili ya masoko ya ng'ambo.

Tunalosema ni hili. Tangu mwaka 2022 maelfu ya watu wa Ngorongoro wamehamia Msomera, Handeni. Serikali yasema ni kwa hiari. Wengi wao wenyewe wamelalamika kwamba wanasukumwa. Katika shauri kubwa kama hilo, haifai kuanza na hukumu ya mwaka 1959 kwamba mfugaji ni adui. Kwanza hesabu ziwekwe mezani: ng'ombe wangapi, nyumbu wangapi, majani kiasi gani, na mfugaji aketi hapo kama shahidi, si kama mshtakiwa.

Tena, wanaohesabu wawe watoto wetu. Chuo cha Mweka tunacho tangu mwaka 1963, na taasisi yetu ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, tangu mwaka 1980. Wapewe fedha, na kijana wa boma apewe nafasi humo. Asiyehesabu mali yake mwenyewe huhesabiwa na jirani, na jirani huhesabu apendavyo.